Mwanangu amekwenda kuhubiri au kufuga kanga?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Mimi ni mama wa watoto watano, naishi Sumbawanga. Kijana wangu wa tatu yuko kwenye malezi ya upadre ya Wamisionari wa Afrika, shirika la Kikatoliki. Alimaliza unovisi (kipindi cha majaribio ya kuingia shirika) Kasama, Zambia, na tangu Septemba yuko kaskazini mwa Ghana, upande wa Tamale, kwa miaka miwili. Nikimpigia usiku baada ya chakula hapokei. Akipiga yeye, kila kitu ni "niko salama, mama". Juzi katuma picha kashika kanga wawili, mmoja kila mkono, anacheka. Nimefurahi kumwona, lakini nimejiuliza: hivi mwanangu amekwenda kuhubiri Injili au kufuga ndege? Siku yake inakwendaje hasa? Anakula nini? Kuna usalama? Na nikitaka kumtumia kitu, nitume nini?

JIBU: Milele amina, mama, na shikamoo.

Nianze na simu, maana dawa yake ni rahisi. Saa za Ghana ziko nyuma ya zetu kwa saa tatu. Unapompigia saa tatu usiku, vyombo vimeshaoshwa na umekaa kitako, kwake ni saa kumi na mbili jioni. Yuko kanisani kwenye masifu ya jioni na simu ameiacha chumbani. Ukisema umsubiri amalize chakula na maongezi ya jumuiya, kwake itakuwa saa mbili na nusu, kwako saa tano na nusu, na wewe kesho una shamba. Mpigie Jumapili saa kumi na mbili jioni. Kwake ni saa tisa alasiri: amesharudi kutoka kigangoni, ameshakula, na jua la kule saa hiyo halimruhusu mtu kwenda popote.

Hilo la kanga limenichekesha, kwa sababu picha kama hiyo ninayo mimi, ya miaka mingi iliyopita, nimekonda, nimeshika kanga mmoja tu. Nilikwenda kule nikiwa frateri, yaani mwanafunzi wa upadre, kama yeye, nikarudi tena baada ya upadrisho, jumla miaka tisa, na baadaye nikapewa kazi ya kuwaandaa vijana wanaokwenda. Kanga nitawafikia. Kwanza uione siku yenyewe.

Anaamka saa kumi na moja alfajiri, na mara nyingi adhana humtangulia. Tamale na vijiji vyake ni eneo lenye Waislamu wengi, Wakristo ni wachache, kwa hiyo mtu aliyekulia Ufipa, ambako kila kilima kina kigango, anakuta mambo yamegeuka. Tafakari ya kimya, masifu ya asubuhi, misa. Halafu kifungua kinywa: uji wa uwele unaoitwa koko, umetiwa tangawizi na pilipili mpaka unakutoa jasho kabla jua halijapanda, na pembeni koose, ambazo ukifumba macho ni bajia za kunde kabisa.

Baada ya hapo, miezi ya mwanzo, asubuhi yote ni ya lugha. Hapa naomba unisamehe nikikawia, kwa sababu ndipo penye maisha yake. Kardinali Lavigerie, aliyelianzisha shirika letu huko Algiers mwaka 1868, aliwadai watu wake waijue lugha ya wenyeji haraka sana, na jambo hilo halijalegezwa. Kule anakokaa mwanao lugha ni Kidagbani. Kiingereza kipo, shuleni na ofisini, lakini bibi mwenye kanga hazungumzi Kiingereza. Kidagbani kina sauti za kupanda na kushuka: neno moja, ukilipandisha lina maana hii, ukilishusha umesema kitu kingine. Sisi wa Kiswahili hatuna mazoea hayo. Halafu kuna "gb" na "kp", herufi mbili zinazotamkwa kwa mpigo mmoja kama kizibo kinachotoka kwenye chupa. Nilizifanyia mazoezi mbele ya kioo mwezi mzima. Sehemu moja tu nilimshinda mwenzangu Mpolandi: wana maneno yanayoanza na ile ng' ya ng'ombe. Mzee wa watu alihangaika nayo miaka, mimi niliitamka siku ya kwanza, na mwalimu wetu akapiga makofi.

Salamu ni ndefu kama za kwetu. Asubuhi wanasema "Dasiba", unajibu "Naa". Habari za nyumbani? Naa. Watoto? Naa. Kazi? Naa. Neno hilo moja linaweza kukuvusha wiki mbili za kwanza, mtu anadhani umeshajua lugha, mpaka akuulize swali la kweli na wewe ujibu "Naa". Siku moja nilitaka kuwashukuru akina mama walionipa maji ya kunywa. Nikakosea kupandisha. Walicheka hadi mmoja akatua ndoo chini. Mpaka leo hakuna aliyeniambia nilisema nini.

Sasa fikiria, mama. Huyu kijana kwenu akija likizo anakaa mbele. Anasoma somo, anafundisha kwaya, wazee wanamwita "frateri" kwa heshima, shangazi anamchinjia kuku. Amesoma falsafa miaka mitatu. Kule ni mtoto mchanga mwenye ndevu. Watoto wa darasa la pili wanamsahihisha. Kwenye mkutano wa parokia anakaa kimya kwa sababu hadi aipange sentensi yake, hoja imeshapita. Haruhusiwi kuungamisha, hawezi kuadhimisha misa, mahubiri bado hayawezi. Kazi yake ni kumfuata katekista na kumbebea begi. Katekista ndiye shule yake, na mimi huwaambia vijana kwamba ukimdharau huyo mzee wa baiskeli umeshafeli staji. (Staji ndilo jina tunaloiita hii miaka miwili.) Mchana anarekebisha spika ya kanisa, anahesabu sadaka, anampeleka mgonjwa zahanati kwa pikipiki, anapanda miche, anakaa chini ya mti na wazee bila kuelewa nusu ya wanachosema.

Hicho ndicho kilichomo ndani ya "niko salama, mama". Si hatari anayokuficha. Ni kwamba hajui akuelezee nini. Atasemaje kwamba leo amekaa chini ya mwembe saa tatu na ameelewa maneno kumi na saba? Mwezi wa nne hadi wa nane ndio mgumu kuliko yote kwa ninavyowajua, kwa sababu ugeni umeisha utamu na lugha haijaingia. Mmoja niliyekuwa namlea aliniandikia, "Padre, hapa hakuna anayenihitaji." Nilimjibu kwamba ndivyo ilivyo, aendelee kukaa chini ya mti. Wamisionari wa kwanza wa shirika letu waliokuja kwetu walianza hivyo hivyo. Msafara wao uliondoka Bagamoyo mwaka 1878, na padre mkuu wa kundi la Tanganyika alikufa njiani kwa homa kabla hata ya kufika Tabora. Padre Lourdel, ambaye Waganda wanamwita Mapeera, aliingia Entebbe Februari 1879 akiwa na miaka 25. Karema yenu ilianza kuwa misheni mwaka 1885. Waliofika, kabla hawajabatiza mtu, walikaa chini wakafundishwa na watoto kuita maji kwa jina lake. Sasa zamu imegeuka. Vijana wengi walioko kwenye malezi ya shirika leo ni Waafrika, na Ghana ya kaskazini, iliyopokea mapadre hao Navrongo mwaka 1906, inapokea kijana wa Sumbawanga.

Basi kanga. Kule kanga wanafugwa kila boma, ni ndege wa nyumbani ingawa hawasahau porini. Wanakwenda kutaga vichakani na watoto wanatumwa kutafuta mayai. Mayai yake yanauzwa barabarani yamechemshwa, pamoja na pilipili ya kusaga. Na kanga ndiye zawadi ya mgeni. Ukienda kuitembelea nyumba ukaketi, ukanywa maji, ukasalimia wote kwa utaratibu, unapoondoka wanaweza kukupa kiazi kikuu kikubwa kama paja au kanga amefungwa miguu. Hukatai. Unamning'iniza kwenye usukani wa pikipiki, anakupigia kelele njia nzima. Hakuna anayempa kanga mtu anayepita tu njiani. Kwa hiyo ile picha unayoiona wewe ya ufugaji, mimi naisoma kama cheti. Kuna nyumba, labda mbili, ambazo mwanao amekaa vya kutosha mpaka wakaona si vizuri aondoke mikono mitupu. Miezi michache tu, na kanga wawili! Mimi wa kwanza nilimpata mwezi wa saba.

Chakula kisikutie wasiwasi. Chakula kikuu ni tuo zaafi, watu wanafupisha wanasema "tizedi": ugali wa mahindi au uwele, mlaini kuliko wa kwenu, na mboga yake mara nyingi ni ayoyo. Ayoyo ni mlenda, mama. Amesafiri nusu ya Afrika kwenda kula ugali na mlenda. Kinachomsumbua kitakuwa pilipili, na dawadawa, kiungo cha mbegu zilizochachushwa chenye harufu inayoingia kabla ya mpishi. Nacho unakizoea, halafu ukirudi nyumbani unakitafuta hukioni. Fufu ya viazi vikuu haitafunwi, inamezwa. Atakuwa ameshachekwa kwa kutafuna. Na anakula kwa mkono wa kulia tu, anatoa na kupokea kwa mkono wa kulia. Kule mkono wa kushoto kumpa mtu kitu ni tusi hasa, wala hawakuvumilii kwa kuwa wewe ni mgeni.

Hali ya hewa ni jambo jingine. Mvua ni msimu mmoja, kama Mei hadi Oktoba. Kuanzia Novemba au Desemba inakuja harmatani, upepo mkavu wa kutoka Sahara: vumbi linafunika jua, midomo inapasuka, usiku baridi. Watu wanajipaka mafuta ya shea, mti unaojiotea mashambani kwao na ambao wanawake ndio wenye ujuzi wake. Machi na Aprili joto linapita nyuzi 40 na watu wanalala nje kwenye mikeka. Kaskazini ya Ghana pia imo katika ukanda wa homa ya uti wa mgongo, ndiyo maana pamoja na chanjo ya homa ya manjano, ambayo bila kadi yake huingii Ghana, tunahimiza na hiyo nyingine. Malaria ipo, kama kwetu.

Anaishi na nani? Hili kina mama hawaliulizi, na ndilo linalowavunja vijana wengi kuliko malaria. Lavigerie alisema tusikae pungufu ya watatu, na kwa kadiri iwezekanavyo wa mataifa tofauti. Jumuiya yangu ya kwanza ilikuwa Mpolandi mzee, Mkongo na mimi. Ni jambo zuri sana kulisema jukwaani. Ndani ya nyumba ni hivi: mmoja anataka dirisha wazi, mwingine limefungwa, mmoja anaweka redio saa kumi na moja asubuhi, Mkongo ananiona mimi ni mpole wa uongo kwa sababu sisi Watanzania tukikasirika tunanyamaza. Tuliwahi kununiana siku nne kwa ajili ya kopo la maziwa ya unga. Tulipatanishwa na mpishi, mama Mwislamu, aliyesema hapiki tena mpaka tuongee. Siku hizi nikiwahoji vijana wakirudi siulizi walibatiza wangapi. Nauliza nani aliyewaudhi na waliishi naye vipi.

Usalama: sitakudanganya. Agosti 2023, katika jimbo la Niger nchini Nigeria, padre wa shirika letu kutoka Mali na frateri Mtanzania aliyekuwa kwenye staji walitekwa, wakaachiwa baada ya wiki tatu hivi. Burkina Faso, jirani wa Ghana kaskazini, ina vita vya wenye silaha kwa miaka sasa, na Bawku, karibu na mpaka huo, kuna mgogoro wa uchifu wa siku nyingi. Tamale si Bawku, na wakubwa wake hawampangi kijana mahali bila kupima. Kwa miaka yangu yote kule, kilichotuumiza mara nyingi zaidi kilikuwa pikipiki kwenye barabara za vumbi. Muulize kuhusu kofia ngumu. Akisema anavaa "kama safari ni ndefu", mgombeze. Sisi walezi tukisema anatuona tunatapa woga; wewe atakusikia.

Pesa. Frateri hana mshahara. Jumuiya ina mfuko mmoja, unalisha, unatibu, na unampa posho ndogo ya sabuni na vocha. Usimtumie, na kama kuna sababu maalumu, apitishe kwa mkuu wa jumuiya. Tatizo kubwa huwa upande wa pili: mjomba na binamu wanaosikia yuko "nje" na kuanza kumwomba ada na mabati. Kijana anaona haya kusema hana, anaanza kutopokea simu za nyumbani kabisa. Ukoo ukikutana waambie wewe, waziwazi, kwamba Ghana yake ni ya posho ya sabuni.

Na msiba. Najua desturi yetu: mtoto akiwa masomoni mbali anafichwa mpaka amalize. Mimi nilifichwa kifo cha bibi yangu miezi minne, nikaja kukigundua kwa mtu aliyeniandikia "pole" akidhani najua. Nilikuwa nimeendelea kumtaja kwenye misa kila siku kama mgonjwa. Tafadhalini msifanye hivyo. Kwa kawaida hatarudi nyumbani katikati ya hii miaka miwili, lakini ana haki ya kulia siku moja na ninyi. Mpigieni kwanza mkuu wa jumuiya, amwambie wakiwa wameketi pamoja, halafu ninyi mzungumze naye.

Jambo moja ambalo hukuliuliza. Staji ni kipimo cha pande mbili. Shirika linamtazama yeye, naye analitazama shirika na kujitazama. Baada ya hapo bado ana teolojia, miaka minne, na kiapo cha kimisionari kabla ya kuwekwa wakfu. Wapo wanaomaliza staji vizuri sana kisha wakasema, kwa amani, hii si njia yangu. Nimesikia familia zilizokwisha tenga ng'ombe wa upadrisho wakati kijana yuko falsafa. Ng'ombe huyo kijana anambeba mgongoni kila siku. Kama kwenu yupo, muuzeni mlipie ada ya mdogo wake, na siku moja mwambie tu, katikati ya mazungumzo mengine, kwamba mlango wa nyumbani hauna kitasa cha upande mmoja.

Ukimpigia Jumapili usiulize kama yuko salama. Uliza vitu vidogo vyenye majina: mpishi wenu anaitwaje? Katekista ana watoto wangapi? Nifundishe kusema "asante" kwa lugha yao. Utashangaa atakavyofunguka. Mtu anayejifunza lugha siku nzima kama mtoto anafurahi sana akipata mwanafunzi wake mmoja.

Sasa cha kutuma. Dagaa wa Kirando watamfurahisha, lakini huko mbebaji anakobadilisha ndege mizigo yenye harufu huleta maneno. Ushauri wangu ni doti ya kanga, kwa padre au sista yeyote anayepita kwenda huko. Si kwa ajili yake. Ni kwa ajili ya mama mwenye ile nyumba aliyempa ndege wale. Kule hawana kanga ya kuvaa. Wana vitenge na nguo nene za kufumwa, na atafurahi kusikia kwamba kwetu nguo hii ina jina moja na ndege wake. Wengine husema jina lilitokana na yale madoadoa. Alitoa kanga wawili, nawe umrudishie kanga mbili. Ila chagua yenye maneno machache, maana wanawake wa boma zima watataka kujua imeandikwaje, na frateri wako itabidi ayatafsiri kwa Kidagbani papo hapo, huku watoto wa darasa la pili wanamsikiliza.